Itaendelea: Hadithi Iliyokatwa Kabla ya Kau

Mpwa wangu alikuja kwangu amenuna. Katuni ya anga aliyokuwa akiifuata, Final Space, ilikuwa imekatwa. Ilianza 2018, ikaenda misimu 3 na vipindi 36, ikasimamishwa 2021 adui mkuu akiwa bado mzima. Baadaye muumba wake alitangaza kwamba angeimalizia katika kitabu cha michoro, lakini mtoto hakutaka kusikia habari za kitabu. "Mjomba," akaniuliza, "hadithi ikikatwa katikati, waliomo ndani hubaki wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha, ulimi ukagoma. Sisi tuliosoma hadithi za magazetini tulilelewa na neno moja la herufi ndogo chini ya ukurasa: Itaendelea. Unasubiri juma zima, na siku moja gazeti lenyewe halitoki tena. Mimi pia ninayo hadithi iliyonikaa kooni miaka mingi. Ni ya ulimwengu ujao, kama ya mtoto, nayo ilikatwa. Ila hii yangu watu walifunga mizigo, wakapanda meli kwenda kuiishi, na njia waliyoilenga ilipita mto Ozi, mbele ya mji mdogo uitwao Kau. Je, watu wa Kau wana habari kwamba waliwahi kutiwa humo?

Mwaka 1890 mwanauchumi wa Vienna, Theodor Hertzka, alichapisha kitabu kiitwacho Freiland, yaani Nchi Huru. Mwaka uliofuata tafsiri ya Kiingereza ikatoka London. Hakina roketi, ila kazi yake ni ileile ya katuni za anga: chukua watu wema, wapeleke mbali mahali ambapo msomaji hajawahi kukanyaga, uwaache waanze dunia upya. Mahali hapo palikuwa nyanda za Mlima Kenya. Huko hakuna mtu binafsi anayemiliki ardhi, mikopo haina riba, na wasiojiweza hutunzwa na wote. Mji mkuu unaitwa Bonde la Edeni. Wamaasai wanafanya urafiki nao. Baadaye inazuka vita na Uhabeshi, na Freiland inashinda. Mwandishi mwenyewe hakuwahi kuuona mlima huo. Kwa msomaji wa Vienna wa wakati ule, Mlima Kenya na sayari ya Mirihi zilikuwa na umbali tofauti kweli?

Jambo moja lilinitia shaka tangu mwanzo. Msafara wa kitabuni unatua Mombasa, unapita Taveta, unaiona Kilimanjaro, kisha unapanda kaskazini. Msafara wa kweli, uliokuja mwaka 1894, ulitua Lamu. Vyama vya wapenzi wa Freiland vilikuwa vimeundwa katika miji mingi ya Ulaya, michango ikakusanywa, kikundi kidogo kikatangulizwa kutafuta njia. Watu walioacha kazi na nyumba kwa sababu ya kitabu ungetarajia wakifuate neno kwa neno. Kwa nini waliiacha Mombasa?

Jibu la kwanza ni ramani. Mto Tana unateremka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, unapinda mashariki, unashuka hadi Bahari ya Hindi, safari ya kilomita zipatazo 1,000. Anayeutazama mezani Vienna haoni mto, anaona barabara. Mwaka 1891 boti ya mvuke iliyopewa jina Kenia ilikuwa imeupanda Tana mbali sana, na habari zake zikaandikwa. Reli ya Mombasa ilikuwa bado. Ilianza 1896 na kufika ziwani 1901. Kwa nchi kavu ulihitaji mamia ya wapagazi na majuma ya kiu katika nyika ya Taru. Kwa Tana, walidhani, ungekaa tezini ukinywa chai hadi miguuni mwa mlima. Nani aliwaambia kwamba mto ni barabara?

Na hata barabara hiyo mlango wake haukuwa mahali pake. Mlango wa zamani wa Tana ulikuwa na fungu la mchanga na mawimbi yaliyovunja vyombo. Wenyeji waliingilia Kipini, mlangoni mwa Ozi, wakapanda na maji yanapojaa hadi Kau, kisha wakapita mfereji uitwao Belezoni ulioiunganisha Ozi na Tana. Kau ndiyo iliyokuwa kituo: hapo mashua ya bahari iliishia, mtumbwi wa mto ukaanza. Mfereji huo ulichimbwa kwa mkono katika karne ya 19, na simulizi humpa sifa mtawala wa Witu, nchi ya jirani. Sifa hizo mimi huzipokea kwa tahadhari. Mtawala hachimbi. Waliosimama na majembe ndani ya tope lile, maji kiunoni na mamba karibu, walikuwa nani?

Mto haukuuliza majina. Kila mafuriko yalipokuja yaliula mfereji kingo, ukapanuka, mwishowe Tana yenyewe ikahamia humo. Leo maji yake mengi humwagika baharini Kipini, kupitia Ozi, na mlango wa kale umebaki mahame. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mfereji huo ulizua ugomvi wa ushuru kati ya Witu na kampuni ya Kiingereza iliyotaka kupita bure. Mtaro wa majembe ukawa suala la mabalozi. Je, watu wa Freiland walijua wanaelekea kwenye shimo ambalo wakubwa walikuwa karibu kulipigania?

Basi nikaamua kwenda. Nilitoka Malindi alfajiri, tumboni mahamri na mbaazi, nikapanda basi la Lamu. Freiland nilikuwa nayo kwenye simu; tafsiri ile ya 1891 inapatikana bure kwenye intaneti. Nikawa nasoma jinsi Bonde la Edeni linavyopangwa mitaa huku dirishani ng'ombe wa Waorma wakivuka lami bila haraka. Mama aliyekaa kando yangu, amepakata kijaluba cha dawa, aliniuliza ninasoma nini kwa uso wa kukunja hivyo. Nikamwambia ni habari za mji uliopangwa kujengwa Mlima Kenya zaidi ya miaka 130 iliyopita. "Ukajengwa?" La, mama. "Sasa unasoma nini?"

Tulivuka Tana kwenye daraja la Garsen. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Mbele zaidi nikashuka, nikapanda bodaboda kuelekea kusini, vumbi hadi kwenye kope, mpaka Kipini. Hapo ndipo penye kaburi linalosemekana kuwa la Fumo Liyongo, na hapo ndipo utafiti wangu ulipopata pigo la kwanza. Kila niliyemuuliza habari za wageni wa 1894 alinielekeza kwa Liyongo. Ningefanyaje niulize habari za mgeni aliyeshindwa mahali penye shujaa asiyeshindwa?

Liyongo tunamjua. Mshairi, mpiga upinde, jitu lisilodhurika kwa chuma. Mwanawe mwenyewe akanunuliwa kwa ahadi, akamdunga kitovuni kwa sindano ya shaba. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliisimulia katika utenzi wake wa 1913. Kipande kilichonishika mimi ni cha baada ya kifo. Liyongo aliyejeruhiwa alipiga goti karibu na kisima, akauvuta upinde, akafa hivyohivyo. Mji mzima ukaogopa kuchota maji. Walimwona kapiga goti, mshale tayari, wakadhani yu hai, mpaka mama yake alipoitwa kumsihi na maiti ikaanguka. Siku zile zote watu walikuwa wakiogopa nini hasa, mtu au umbo lake?

Niliiandika picha hiyo daftarini kwa sababu ya jambo la tarehe. Msafara wa Freiland ulivunjika Lamu katikati ya 1894. Mwaka 1895 Hertzka alitoa kitabu kingine cha kusafiri katika wakati ujao. Huku pwani hadithi ilikuwa imekufa. Kule Vienna bado imepiga goti, upinde umevutwa. Je, ni nani aliyekuwa mama wa kwenda kuiangusha?

Asubuhi nikapata boti. Nahodha alikuwa kijana mwenye fulana ya timu ya Uingereza na miguu iliyopauka chumvi. Hakutaka kuondoka mapema. "Tungoje maji, bwana. Ukipanda na maji yakipwa utalala kwenye tope." Tukakaa chini ya mwembe tukitazama mto ukiamua. Kwanza povu lilisimama. Kisha jani la mkoko lililokuwa likielea kwenda baharini likasita, likazunguka, likaanza kurudi juu ya mto. "Sasa," akasema. Katika vitabu vyote nilivyosoma kuhusu safari ile, ni nani aliyetaja jani?

Kutoka Kipini mikoko inasimama pande zote mbili kama watu kwenye foleni. Kisha inapungua, makuti yanaanza, mpunga, miembe. Kijana alikata injini mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya viboko: masikio tu juu ya maji, na pumzi. Mara ya pili ili apige pondo kuvuka fungu ambalo, alisema, mwaka jana halikuwapo. Hiyo ndiyo barabara iliyonyooka ya mezani Vienna. Boti nzito iliyojaa mashine, unga na bunduki ingepita hapa msimu gani?

Kau si mji wa kumshangaza mpita njia. Nyumba chache, minazi, miti ya maembe mikubwa kuliko nyumba, ngazi ya udongo iliyochongwa kwenye ukingo wa mto na kulowa. Lakini katika karatasi za karne ya 19 jina lake halikosekani. Wanabahani, watawala wa Pate, walipobanwa na Zanzibar, kiongozi wao Ahmad, aliyeitwa Simba, aliingia bara. Simulizi zinampitisha Kau kabla ya kwenda kuanzisha Witu mwanzoni mwa miaka ya 1860. Huko alipokea watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani. Mwaka 1885 Witu ikawa chini ya ulinzi wa Ujerumani, mwaka 1890 ikabadilishwa mikono ikawa ya Uingereza, na Oktoba mwaka huohuo ikachomwa moto na wanamaji. Agosti 1893 yakafuata mashambulizi ya Pumwani na Jongeni. Nishani zilitolewa kwa askari, zimeandikwa Witu na tarehe. Miezi michache baadaye, kundi la waotaji linatua Lamu likiomba ruhusa ya kupitisha silaha katika nchi hiyohiyo. Ungekuwa wewe ofisa wa forodha, ungeipiga mhuri karatasi yao?

Nilimkuta mzee akitengeneza mgono kivulini. Shikamoo. "Marahaba, mwanangu, karibu, keti." Nikamweleza: Wazungu waliotaka kupanda mto kwenda Mlima Kenya kuanzisha nchi isiyo na matajiri. Akasikiliza bila kuacha kusuka fito. Akauliza, "Wazungu gani hao? Hapa wamepita wengi. Wa mpunga, wa ndege, wa miwa, wa mikoko. Kila mmoja ana karatasi yake." Nikasema hawa ni wa zamani sana, kabla ya reli. Akaangua kicheko kidogo. "Nao waliahidi kurudi?"

Mjukuu wake akasema anajua chuma cha meli yao. Moyo ukanidunda. Tukapita shamba la migomba, tukashuka kwenye tope hadi magotini, na kweli, kando ya mto palikuwa na chuma, nusu kimezama, kina magamba ya kutu yaliyotoka kwa ukucha. Nikakisugua kwa nyasi na maji. Nilikuwa nimeshaandika kichwani aya nzima: mvuke uliozimika, ndoto iliyoshika kutu, na mengine ya aina hiyo. Chini ya kutu ikatokea tundu la bolti, kisha bomba, kisha alama ya kuonyesha mwelekeo wa maji. Ilikuwa pampu ya kumwagilia mpunga, ya mradi fulani wa juzijuzi tu, nao ulioachwa. Ningeaibika zaidi ya hapo?

Hapana, nikajirudi. Pampu ile ilikuwa ushahidi, ila si wa nilichokuja kutafuta. Mimi nilikuja na hadithi moja iliyokatwa. Mto ulikuwa nazo rundo. Nikarudi kwa mzee nikiwa na tope hadi mapajani. Akanipa maji ninawe, akasema mpunga ule ulikufa kwa chumvi. Siku hizi bahari hupanda mbali zaidi kuliko alipokuwa kijana, hasa wakati wa bamvua mto ukiwa hauna nguvu, na shamba likinywa maji ya chumvi limekwisha. Juu kule Tana imejengewa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji hayashuki tena kwa mdundo ule wa zamani. Mpunga wa Ozi ulikatwa na nani, na ni nani aliyeandika kwamba ulikatwa?

Jioni nilipanga daftarini habari tatu zinazosimuliwa kuhusu kuvunjika kwa msafara. Ya kwanza ni ya kuchekesha: walikuwa walevi na wagomvi, wakazozana Lamu mpaka wakatawanyika. Ugomvi ulikuwapo, hilo sina shaka nalo. Ila habari hii inapendwa mno na watu wa serikali ya wakati ule, ambao walikuwa na haja ya kucheka. Ukiwageuza wapinzani wa umiliki wa ardhi kuwa kichekesho, hulazimiki kujibu hoja yao. Sasa hoja yao ilikuwa nini hasa, ukiondoa chupa?

Ya pili ni ya waumini wenyewe: walizuiwa. Waliambiwa silaha haziwezi kupita, wakazungushwa, wakachoshwa. Inawezekana sana, kwa hali ya Witu niliyoieleza. Lakini habari hii nayo ina faida kwa msimulizi wake, kwani humwachia kitabu kikiwa safi. Kosa ni la mlinzi wa lango. Ya tatu hulaumu mto, homa na masika, nayo angalau ina jani langu la mkoko upande wake. Waliotua miezi ya mwanzo wa mwaka na kungoja walikuta masika mlangoni. Pwani tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa Lamu majuma kwa majuma bila jembe, wanakula akiba, na mfuko wa Vienna ulikuwa wa michango, si hazina. Mimi naona kungoja ndiko kulikowaua. Mengine yote yaliingia kupitia mlango huo. Lakini je, kuna aliyemuuliza muuza unga wa Lamu anavyoona yeye?

Hapo ndipo rekodi zinaponiudhi. Tuna barua za wasafiri, taarifa za maofisa, kitabu na mwendelezo wake. Hatuna neno hata moja la wenyeji waliotiwa katika hadithi hii. Tana ilipandwa kwa mitumbwi ya Wapokomo; wao ndio waliojua fungu lilipo leo na litakapokuwa kesho. Katika Freiland kuna mpango wa mikopo, wa shule, wa malezi ya wazee, hata wa vita. Wapiga makasia wa mto huu hawana hata ukurasa. Wasomi wakiulizana kwa nini hadithi ile haikuisha, je, kwa watu wa Kau ilikuwa imeanza?

Nilipomsomea mzee kipande cha kitabu, nikitafsiri papo kwa papo, alitikisa kichwa kwenye sehemu ya ardhi isiyo na mwenyewe. "Hiyo si mpya. Mto ukihama, shamba lako liko ng'ambo, utamshitaki nani?" Kisha akauliza Wakikuyu na Wameru walikuwa wapi katika habari hiyo, maana mlima ni wao. Wakikuyu wamo, nikamwambia, kwa kupita. Akaurudia mgono wake. Niliwaza kwamba Tana haikuipa Kenya mji mkuu kama kitabu kilivyotaka, ila iliipa wimbo: sauti ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na bembelezi ya Wapokomo. Hilo lingeingia wapi katika hesabu za Vienna?

Mbegu ya kitabu kile haikufia Lamu. Mwaka 1896 Theodor Herzl, naye mtu wa Vienna, alikitaja katika kijitabu chake kuhusu dola ya Wayahudi. Aliona Freiland kama mashine ya magurudumu mengi yanayoshikana vizuri, ila hakuona ushahidi kwamba ingeweza kuwashwa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ikampa Herzl na wenzake pendekezo la makazi katika nyanda hizihizi za juu, upande wa Uasin Gishu. Watu wakatumwa kuitazama nchi, na 1905 pendekezo likakataliwa. Msimu wa pili, ningemwambia mpwa wangu, ulikatwa kabla ya kurushwa. Kwa nini kila anayetaka kuanza dunia upya huona nyanda za Kenya tupu?

Siku ya kurudi niliteremka na maji yakipwa, boti ikienda kama imesukumwa na mkono. Kipini nikasimama ufukweni kutazama ghuba ya Ungwana. Nahodha akanyoosha kidole kusini-magharibi, upande ambao macho hayafiki. "Kule Ngomeni ndiko kulikokuwa kunarushwa roketi." Nikageuka kumtazama. Nilikuwa nimekuja mwendo wote huu kwa ajili ya swali la katuni ya anga, na anga yenyewe ilikuwa ghuba moja nami. Ningewezaje kuipita bila kuiona?

Kwenye ghuba hiyohiyo inayopokea udongo wa Tana kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kwa miguu yake, San Marco na Santa Rita, yaliyowekwa na Waitaliano katika miaka ya 1960. Hapo ni karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia humsaidia mrushaji. Kuanzia Aprili 1967 satelaiti 9 zilirushwa zikafika angani. Mashuhuri kuliko zote iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kutafuta miale ya eksirei angani. Ilifanya kazi hadi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339, kikiwamo Cygnus X-1, ambacho baadaye wanasayansi walikubali kwamba ni shimo jeusi. Kiongozi wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli 2002. Mpiga makasia wa Kipini aliyekuwa nje siku hiyo aliona nini juu ya maji?

Machi 1988 ikarushwa ya mwisho. Kituo cha nchi kavu kinaendelea kufuatilia satelaiti za wengine, lakini majukwaa yamenyamaza. Hayakufungwa kwa ugomvi wala kwa homa. Roketi ndogo zilizotumika hapo ziliacha kuletwa, basi. Vipindi 9 kwa miaka 21. Nikawa natafuta tofauti kati ya hadithi hii na ya 1894, nikaipata: hii ilifika juu kabla ya kukatwa. Lakini kwa nahodha wangu, aliyezaliwa baada ya roketi ya mwisho kurushwa, kuna tofauti gani kati ya roketi aliyosimuliwa na Bonde la Edeni nililomsimulia mimi?

"Tofauti ipo," alisema nilipomuuliza. "Roketi babu aliisikia mlio." Akanidai nauli, akapunguza shilingi hamsini kwa sababu nilimsaidia kusukuma kwenye fungu. Kabla ya kuagana nikajaza chupa ya soda maji ya mto, pale kwenye ngazi. Hakuniuliza ya nini. Nami sikuwa na jibu: unawezaje kumweleza mtu kwamba umekuja kutafuta msafara, unarudi na chupa?

Kwenye basi chupa ilikaa kati ya miguu yangu. Kufika Garsen maji ya juu yalikuwa yameanza kung'aa. Kufika Malindi udongo ulikuwa umetua chini, mwekundu, unene wa kidole kidogo, laini kama unga wa mhogo.

Mpwa wangu aliinua chupa kwenye taa. "Mjomba, hii nini?"

"Mlima Kenya," nikamwambia. "Nyandarua pia imo."

Akaitazama kwa muda, akahakikisha kifuniko kimekaza, akaitikisa.